Alama ya prosesa bila wati na joto ni nusu ya habari

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie jambo linalowagusa wanunuzi wa kompyuta hapa Mwanza na visiwani. Siku hizi matangazo mengi ya kompyuta za mezani yanayopita kwenye magrupu ya WhatsApp yana skrinishoti ya alama za prosesa, yaani matokeo ya programu ya kupima kasi yake: namba kubwa, na bei chini yake. Mnunuzi anaona 12,000 hapa, 20,000 kule, analinganisha, analipa. Picha ile haimwambii prosesa imekaa kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) gani, kipimo kilichukua muda gani, wati ngapi zilitumika wala joto lilifika wapi. Bila hayo manne, namba haimsaidii mtu wa studio ya Kirumba anayetoa video ya harusi ya saa tatu, wala mwenye stationari ya Nyegezi anayefungua asubuhi na kufunga usiku.

Hatuna ugomvi na mazabodi za bei nafuu. Bodi zenye chipseti ya H610 kwa prosesa za Intel, au A320 kwa za AMD, zimewawezesha watu wengi kupata mashine nzuri kwa fedha kidogo, na tutaendelea kuzifunga. Tatizo ni kuifungia bodi ya namna hiyo prosesa isiyoiweza, kisha kuuza alama ya sekunde 30 kana kwamba ndiyo kasi ya mashine kutwa nzima.

Fungua kesi utazame kandokando ya soketi ya prosesa. Utaona vijiboksi vya kijivu vilivyopangwa mstari. Hizo ni koili. Pembeni yake kuna vipande vidogo vyeusi bapa, ndizo mosfeti, na kapasita za duara. Mafundi sehemu hiyo tunaiita VRM. Pawa saplai inaleta volti 12, lakini prosesa inataka volti moja na kitu. VRM ndiyo inayoshusha, na ikishusha volti, ampea zinapanda: prosesa inayokula wati 120 kwa volti 1.2 inapitisha ampea 100 katika eneo dogo kuliko kiganja. Bodi ya gharama inagawa mzigo huo kwa fazi nyingi, yaani njia nyingi za umeme, na kufunika mosfeti kwa hitisinki nzito, chuma cha kupoozea. Bodi nafuu ina fazi chache, na mara nyingi mosfeti zake ziko uchi kabisa. Joto la pale halionekani kwenye alama ya raundi ya kwanza, kwa sababu shaba na ubao wenyewe huchukua dakika kadhaa kujaa moto.

Tuchukue prosesa mbili zinazouzwa sana. Core i5-12400 ina viini (core) 6. Intel wameiandikia wati 65 za kawaida na 117 za juu. Viini vyote vikifanya kazi pamoja inakwenda 4.0 GHz, na kwa kazi kama ya Cinebench, programu ya kupima kasi ya prosesa, haifikishi hata hizo 117. Huwa inazunguka kwenye sabini na kitu. Ndiyo maana ukiifungia H610 ya bei ya chini hupotezi kitu cha maana. Core i7-12700 ni habari nyingine. Ina viini 12, vikubwa 8 na vidogo 4, na ingawa nayo imeandikwa wati 65, za juu ni 180. Kwa mpangilio wa Intel wenyewe, wati hizo za juu ni za muda mfupi, kama sekunde 28, kisha prosesa inatakiwa irudi kwenye 65. Bodi nyingine zinaondoa kikomo hicho, nyingine zinakishikilia. Bodi nafuu iliyokiondoa bila kuwa na VRM ya kutosha ndiyo yenye hatari kuliko zote.

Raundi moja ya Cinebench R23 kwa prosesa ya aina hiyo haifiki dakika moja. Kwa hiyo muuzaji akipima raundi moja, sehemu kubwa ya kipimo inaangukia ndani ya zile sekunde za neema. Alama inatoka juu ya 20,000, anapiga picha, anatuma. Mnunuzi akifika nyumbani na kuanza kutoa video ya dakika 40, mashine inashuka ikiwa imeshaanza kazi, na hajui kwa nini.

Tunaeleza jinsi ya kupima, na mtu yeyote anaweza kufanya hivi dukani. Programu nne zinatosha na zote zinapatikana bure: Cinebench R23 na 7-Zip za kupima kasi, HWiNFO ya kusoma joto na wati, na CPU-Z ya kutambua vifaa. Tatu kati yake zina toleo lisilohitaji kusakinishwa, na 7-Zip ni ndogo sana, hivyo flashi moja inabeba zote. Anza na CPU-Z. Usiridhike na jina la prosesa linaloonekana kwenye ukurasa wa mfumo wa Windows, kwa sababu maandishi yale yanasomwa kutoka kwenye rejista ya Windows na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuyaandika anavyotaka. CPU-Z inaiuliza prosesa yenyewe. Humo humo utaona jina la mazabodi, toleo la bayosi (programu ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows), na kwenye ukurasa wa memori utaona kama RAM inafanya kazi kwa njia moja au mbili.

Kisha ingia kwenye bayosi usome vikomo vya umeme. Kwa Intel vinakuwa viwili, cha muda mrefu na cha muda mfupi. Kwa AMD ya soketi ya AM4, prosesa iliyoandikwa wati 65 inaruhusiwa kufika 88 pale soketini, kwa hiyo usishtuke Ryzen 5 5600G ikionyesha 80 na ushee. Andika namba hizo kwenye karatasi. Ukikuta kikomo cha 4095 au namba nyingine ya ajabu, maana yake bodi imeambiwa isizuie chochote.

Rudi kwenye Windows. Simamisha masasisho, hakikisha antivairasi haipekui diski, weka mpangilio wa umeme uleule kwa kila mashine unayolinganisha, iache ipumzike dakika tano mpaka Task Manager ionyeshe prosesa haifanyi kazi zaidi ya asilimia mbili tatu. Funga kesi. Tunasisitiza hili kwa sababu wauzaji wengi wanapima mashine ikiwa wazi mezani, na feni ya ukutani inaipulizia. Mnunuzi hatatumia hivyo. Pima na joto la chumba: kipimo cha asubuhi na cha saa nane mchana chini ya bati havilingani, na tofauti hiyo haina uhusiano na prosesa.

Fungua HWiNFO kwenye ukurasa wa sensa, ufute kumbukumbu zake zianze upya, kisha washa Cinebench R23 kwa viini vyote na uchague muda wa dakika 10. Kwa mashine ya studio chagua dakika 30. Programu ina chaguo zote mbili. Usiguse kipanya. Alama inayobaki mwishoni ndiyo ya kuandika. Rudia mara tatu, ukiacha ipoe kati ya kipimo na kipimo, uchukue ya katikati. Tofauti ya asilimia moja au mbili ni ya kawaida, isikutie shaka na isikufanye uchague mashine moja ukaacha nyingine.

Sasa sehemu ambayo tunatamani kila mnunuzi aijue, maana hapa ndipo mazabodi inapojisema yenyewe. Mashine ikishuka kasi katikati ya kipimo, tazama vitu vitatu kwa pamoja kwenye HWiNFO: joto la prosesa, wati zake, na kasi ya viini.

Joto likiwa limegonga nyuzi 100 kwa i5-12400, au 95 kwa Ryzen 5 5600G, na kasi inashuka kidogokidogo, kosa liko kwenye upoozaji. Feni ndogo, pesti iliyokauka, au pini moja ya plastiki ya feni ya Intel haikuingia sawasawa. Hiyo ya pini ni ya kila siku: tatu zimeshika, ya nne imeelea, na hitisinki imeegemea upande. Geuza bodi utazame kwa nyuma. Zote nne lazima zitokeze sawa. Pesti inatosha kiasi cha punje ya dengu katikati. Ukipaka nyingi haipoozi zaidi, inamwagikia soketi tu.

Joto likiwa la chini, tuseme nyuzi 60, huku wati zimesimama palepale kwenye 65 kama zimepigiwa msumari, hicho ni kikomo cha umeme kinafanya kazi yake. Mashine haina ugonjwa. Ila kama ni i7 ujue umelipia viini ambavyo bodi haitavilisha. Na hapa tuongeze jambo ambalo huwashangaza wengi: kushusha wati kutoka 117 hadi 65 hakupunguzi kasi kwa kiasi hichohicho, kwa sababu wati hupanda haraka kuliko kasi pale volti inapoongezwa. Kwa i5 utapoteza asilimia chache. Kwa i7 hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa viini vyake vingi vinagawana mkate uleule.

Hali ya tatu ndiyo mbaya. Prosesa ina nyuzi 60 au 65, haijachoka, lakini kasi inaruka: 4.0 GHz, ghafla 0.8, inarudi 4.0, inaanguka tena. Hapo VRM imepata moto kupita kiasi na bodi inaipigia prosesa kelele ipunguze mzigo. HWiNFO ina mstari wenye neno PROCHOT. Mstari huo ukisomeka Yes wakati prosesa yenyewe iko baridi, umeshampata mwenye kosa. Uthibitisho ni rahisi: elekeza feni ya sentimita 12 moja kwa moja kwenye koili na mosfeti, rudia kipimo. Alama ikipanda bila kugusa feni ya prosesa, shida ni mazabodi, na hitisinki mpya ya prosesa hata iwe ya bei gani haitasaidia. Feni nyingine kubwa za minara huleta balaa zaidi, kwa sababu zinapuliza pembeni, wakati ile feni bapa ya kiwandani ilikuwa inapuliza chini na kuigawia VRM upepo.

Bodi nyingi nafuu hazina sensa ya joto la VRM, kwa hiyo usitegemee kuikuta kwenye HWiNFO. Tumia bunduki ya kupimia joto, lakini usiielekeze kwenye chuma kinachong'aa maana itakudanganya kwa kusoma chini. Bandika kipande cha solatepu nyeusi ya umeme, mashine ikiwa imezimwa, kisha upime juu yake. Pima na nyuma ya bodi. Mosfeti zenyewe zinavumilia joto kali, nyingi zimetengenezwa kufika nyuzi 125 au 150 kwa ndani. Anayeumia ni jirani yake, kapasita. Kapasita ya kawaida ya maji iliyoandikwa 105 imepimwa kwa saa elfu kadhaa kwenye joto hilo, na kila ukishusha nyuzi 10 umri wake huongezeka takriban mara mbili. Mwenye stationari anayewasha mashine saa 12 kwa siku ahesabu mwenyewe.

Mwanza nayo ina mambo yake. Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kama asilimia kumi. Feni ileile kwa mzunguko uleule inabeba joto pungufu. Tofauti ni ya nyuzi chache tu, lakini mashine iliyopimwa pwani ikafika 92 inaweza kugusa kikomo ikiletwa huku, kwa hiyo kipimo cha muuzaji wa Dar kisichukuliwe kama cha hapa. Kubwa zaidi ni vijidudu vya ziwani. Yanapokuja yale mawingu yanayoinuka majini na kufuata taa usiku, mashine ya Igombe au Kirumba iliyo karibu na dirisha inavivuta kwa feni na kuvikandamiza kwenye mapezi ya hitisinki, vikichanganyika na vumbi mpaka vinakuwa kama utando wa sufu. Kabla ya kupima mashine ya mtumba, safisha. Tumia brashi laini na blowa, na uzuie feni kwa kidole isizunguke unapopuliza, kwani ikizungushwa kwa nguvu inaharibu beringi zake na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi.

Umeme wa ukutani ukicheza, pawa saplai nzuri inavumilia. Mbovu haivumilii. Wakati kipimo kinaendelea, weka mita kwenye waya wa njano na mweusi wa plagi ya moleksi. Volti 12 inaruhusiwa kushuka hadi 11.4, si chini ya hapo. Namba ya volti inayoonyeshwa na programu usiiamini sana. Mita ya fundi ndiyo yenye neno.

Kuhusu RAM, Cinebench itakuficha. Ukitoa stiki moja kati ya mbili, alama yake haitikisiki sana, na hivyo muuzaji anaweza kuweka stiki moja ya GB 16 na picha ikapendeza. Ndiyo sababu tunataka 7-Zip ipimwe pia: ingia Tools, kisha Benchmark, acha kamusi (Dictionary size) ya MB 32, subiri raundi zote ziishe. Kipimo hicho kinaigusa memori, na stiki moja itaonekana. DDR4 ya 3200 kwa njia moja inapitisha GB 25.6 kwa sekunde. Kwa njia mbili ni 51.2. Kwa mashine isiyo na kadi ya picha, kama ya Ryzen 5 5600G, tofauti hiyo kwenye gemu ni kubwa mno, maana picha nazo zinakula memori hiyohiyo. Halafu stiki iliyoandikwa 3200 mara nyingi inaamka na 2133, 2400 au 2666 mpaka uwashe XMP, mpangilio wa kasi uliohifadhiwa kwenye stiki, kwenye bayosi, kama bodi inaruhusu. CPU-Z ikionyesha nusu ya namba usigombane na mtu: 1600 pale ni sawa na 3200 ya kwenye karatasi.

Tuguse na zile seti zinazoitwa X99, mazabodi mpya ya kichina pamoja na Xeon, prosesa ya seva ya Intel, ya mtumba. Xeon E5-2680 v4 ya mwaka 2016 ina viini 14 na alama yake ya viini vyote inavutia kwa bei. Lakini kiini kimoja hakizidi 3.3 GHz, na kwa ofisi, kivinjari, programu za uhasibu na gemu nyingi, kasi ya kiini kimoja ndiyo unayoihisi. Pima kiini kimoja pia. I5-12400 itaiacha mbali. Na wati zake ni 120 muda wote wa kazi, kwenye bodi ambayo nyingi zake hazina hata chipseti ya X99 bali zimejengwa kwa chipseti zilizotolewa kwenye bodi za zamani. Kwa anayetoa video kutwa na ana LUKU ya kutosha, si chaguo baya akikagua VRM. Kwa shule inayotaka mashine 20 za maabara hatuishauri hata kidogo.

Onyo dogo kuhusu kulinganisha. R23 isilinganishwe na matoleo mengine ya Cinebench, R20 wala 2024. Prosesa inayopata elfu 12 kwenye R23 inapata mamia tu kwenye ya 2024. Geekbench, programu nyingine ya kupima kasi, nayo inapumzika kati ya jaribio na jaribio, hivyo haiwezi kukuonyesha bodi inayochemka. Kwa prosesa yenyewe ni kipimo kizuri. Kwa mazabodi nafuu haitoshi.

Ombi letu kwa wauzaji wa Makoroboi na kwingineko jijini ni waandike kipimo kwenye risiti, mstari mmoja tu. Kwa mfano: i5-12400, H610, RAM GB 8 mara mbili, R23 dakika 10 alama 12,050, wati 72, joto 74, chumba 29, kesi imefungwa. Kwako Mhariri, tunaomba kurasa zako za bidhaa zinapotaja alama za kompyuta zidai mstari huohuo. Na anayetoka Ukerewe au Sengerema kununua aje asubuhi na flashi yake, amwambie muuzaji mapema kwamba kupima kunachukua kama saa moja na nusu, ili amalize kabla ya chombo cha mwisho kuondoka. Muuzaji akikataa dakika 10 za Cinebench, kuna maduka mengine mtaa huohuo.

Mafundi wa kompyuta,
Mwanza.